Kaniki Niliyorudi Nayo Kutoka Kivinje

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu hapa Rasbura, Lindi, ananiuliza swali moja: Somoe, gauni lako la maua liko wapi? Nimejibu hadi mdomo umekauka. Na kila nikijibu nakatizwa, huyu anataka habari za chakula, yule anataka za njia, Mama Shukuru yeye anataka kujua kama ni kweli nilimpigia magoti marehemu. Sasa naandika yote kwa mkupuo mmoja. Mlio kwenye darasa la jioni someni wenyewe, yawe mazoezi. Wengine msomewe, lakini msomaji asiongeze chumvi, chumvi ninayo ya kutosha humu ndani.

Bibi anacheka

Mnajua kazi ilivyoanza. Mwalimu Issa wa shule yetu ametunga mchezo wa Vita vya Maji Maji, uchezwe uwanjani siku ya Saba Saba, na nguo za wachezaji tukapewa sisi, akina mama wa kikundi cha cherehani. Mafundi wanaume wa sokoni walinuna. Walisema mbele yetu kwamba wanawake wanajua kushona foronya tu. Basi tukashona kwa hasira. Wale wasichana wa kwenye mchezo, wanaowapelekea wapiganaji maji na chakula, tuliwashonea magauni ya kaniki mpya nyeusi ti, yenye kiuno, yamepigwa wanga na pasi hadi yanasimama yenyewe.

Siku ya mazoezi nilimleta Bibi yangu, mama yake mama, nikamkalisha mbele ajivunie mjukuu. Bibi alikuwa mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni vita vile vilipopita kwetu Umwerani. Wasichana walipotokea tu, akacheka. Alicheka hadi ushungi ukamdondoka.

"Hawa wanakwenda harusini?" akauliza, na watu wote wakasikia.

"Walivaaje basi, Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa nimebebwa, nilikuwa naona mgongo wa mama yangu tu. Lakini si hivi."

Mwalimu Issa ni mtu mpole, ila mchezo wake anaupenda kuliko upole wake. Akanivuta pembeni. "Dada Somoe," akasema, "wazee wa rika lake watajaa uwanjani. Bibi akicheka, watacheka wote, na vita vya babu zetu vitageuka kichekesho. Rekebisheni. Mkimwonyesha Bibi na asicheke, kazi ni yenu. Akicheka tena, namwagiza fundi kutoka Mtwara."

Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi nikiwa na hasira tupu, ambayo kwangu ni nzuri kuliko machozi. Nilijaribu kuwauliza wazee wa mtaani. Kila mmoja alinipa nguo yake, na kila nguo ilifanana na ile aliyokuwa amevaa yeye siku hiyo. Ndipo mume wangu alipomkumbuka Bi Mwanahawa, bibi yake wa upande wa baba, mzaliwa wa milima ya Umatumbi aliyeolewa Kilwa Kivinje. Mimi sikuwahi kumwona. Lakini ukweni wote wanajua kwamba yeye, wakati wa vita, alikuwa msichana aliyekwisha kujitwika mtungi. "Nenda kwake," mume wangu akasema. "Huyo alikuwa na miguu yake mwenyewe."

Nikavaa gauni langu la maua, lile la mikono ya puto, nililolishona kwa ajili ya Idi na ambalo nyote mmelisifia hata mnaojifanya hamkulisifia. Nilitaka ukweni wajue kijana wao ameoa fundi.

Mchinga, ukweni kwa dereva

Njia ilikuwa imefungwa masika yote, ndiyo kwanza inafunguka. Nilipata nafasi kwenye lori lililobeba majembe ya vijiji, mimi juu ya majembe pamoja na abiria wengine na mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya. Dereva aliitwa Mchopa, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya viua iliyokwisha kuwa na rangi ya grisi.

Tulifika Mchinga mapema. Nikajipa moyo: kwa mwendo huu, Kivinje ni leo leo. Kumbe Mchopa ameoa Mchinga. Akasimamisha lori mbele ya nyumba ya makuti, akashuka, akaweka sauti ya adabu ambayo hatukujua kama anayo, akapiga hodi. Alitaka kuamkia tu, alisema. Mama mkwe akatoka, akaona mkwewe, akaona lori, akaona sisi juu ya lori. Akapiga kelele kwa binti zake: nazi ziangushwe!

Jamani, mnalijua hilo. Mkwe haondoki ukweni bila kula, wala hawezi kusema ana haraka. Mchopa alikaa mkekani ametulia kama bwana harusi, na sisi wote tukangoja nazi ziangushwe, zifuliwe, zikunwe, mchele upepetwe, na mtu atumwe pwani kutazama kama kuna ngisi. Abiria mmoja mwanamume alianza kulalamika. Mama mkwe akamkabidhi mbuzi, si yule wa kwenye lori, yule wa kukunia nazi, na mwanamume yule akakuna huku ametahayari. Mimi nilipewa kitunguu.

Wali ulipokuja, na ngisi wake mweusi wa rojo ya nazi, hakuna aliyelalamika tena. Nimekula harusi nyingi, lakini ngisi yule namkumbuka hadi sasa. Tukaondoka jua limekwisha kugeuka, Mchopa akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika tumbo.

Kijijini wananipa heshima isiyo yangu

Ng'ambo ya mto Mbwemkuru lori liligoma. Mchopa alifungua boneti, akaingiza kichwa, na maneno aliyotoa humo ndani siyaandiki. Tukatembea hadi kijiji cha karibu, kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa safu na nyingine bado ni nguzo tupu.

Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeivaa futi yangu ya kupimia shingoni. Sikumbuki hata kuivaa, mnajua naamka nayo na kulala nayo. Nikashangaa watu wananikimbilia mimi na kuwaacha wenzangu. Nikaletewa kiti chenye mgongo. Nikaletewa dafu. Mwenyekiti wa kijiji akaja anafunga vifungo vya shati, akaanza kunieleza habari za vyoo, kisha za shamba la pamoja la mtama, kisha za vyoo tena. Nikaitikia tu, nikidhani ndivyo wanavyopokea wageni upande huo.

Mama mmoja akapenya, akaninong'oneza: "Shikamoo mama. Ukipima kwangu, ule mstari uupindishe kidogo tu. Una mnazi wangu katikati, na ndio kwanza umeanza kuzaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Walinidhania ndiye mpima viwanja, aliyekuwa akingojwa aje kuonyesha nani ajenge wapi. Nilicheka hadi dafu likanimwagikia. "Mimi fundi cherehani," nikasema. "Napima mabega." Mwenyekiti mwenyewe akaangua kicheko, na kwa kuwa kiti nilikwisha kukikalia na dafu nilikwisha kulinywa, nilimpima mabega. Ana deni la shati kwangu, au mimi kwake, hatukukubaliana. Yule mama sikumwacha hivi hivi: nilimwambia mwenyekiti kwa sauti ya serikali kwamba ule mnazi unapendeza pale ulipo.

Tulilala pale, tukala ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, na chai ya rangi. Asubuhi tuliambiwa lori halijapona, twende shambani na wenyeji. Tukavuna mtama. Gauni langu la mikono ya puto lilinasa kwenye kila bua. Mikono nikiiinua, kiuno kinabana; nikiinama, mgongo unalia. Niliudhika na fundi aliyelishona. Kisha Mchopa akapiga honi, tukakimbia.

Kivinje: magoti yangu chini

Mchopa alinishusha Kivinje, nyuma ya boma la zamani, akanielekeza nyumba ya Bi Mwanahawa kwa kidevu. Nilikuwa nimechoka, nina vumbi hadi kwenye nyusi, nimebeba kikapu cha korosho na sukari ya zawadi. Nikasikia harufu ya pilau kutoka uani. Watu walikuwa wengi, wengine wanacheka. Nikajiambia, nimebahatika, kuna shughuli.

Kabla sijapiga hodi, mlango ukafunguka. Akasimama mbele yangu bibi kizee, mgongo umepinda, fimbo mkononi, kaniki iliyopauka mwilini, kitambaa kimeshuka hadi kwenye macho. Akaninyooshea fimbo.

"Ndiyo sasa unakuja?" akasema, sauti inakwaruza. "Nimekungoja mpaka meno yameondoka! Mke wa mjukuu gani wewe, hujui hata njia ya kwangu?"

Kwanza nilishangaa amenijuaje. Kisha nikaona haya, maana kweli, tangu niolewe sikuwahi kufika. Nikapiga magoti pale pale kizingitini, vumbi na yote.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, Bibi. Mjukuu wako anakusalimu. Nimekuletea korosho."

"Marahaba. Korosho nitatafuna na nini?"

"Nitakusagia, Bibi."

"Na huyo mume wako bado anakojoa kitandani?"

"Hapana, Bibi, ameacha," nikajibu, jamani, nikajibu, kwa adabu zangu zote.

Nyumba nzima ikalipuka. Watu walishika mbavu, mwanamume mmoja alikaa chini kabisa. Bibi kizee akatupa fimbo, akanyooka, akafunua kitambaa, na alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, shavu nono, anacheka hadi machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mwenye nyumba, Bi Zuhura, binti wa Bi Mwanahawa, akaja kuniinua. Yeye alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mwanangu, habari haikuwafikia? Mvua zilifunga njia. Mama ametutoka. Leo ni arobaini yake. Huyu ni Tabu, Mngindo, mtani wetu. Amezivaa nguo za mama tangu asubuhi, kila mwanamke mgeni anamwita mke wa mjukuu, ametuchosha."

Mnajua mambo ya watani kwetu kusini. Msibani wao ndio wenye ruhusa: wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake na matusi yake, wanashika vitu hadi vikombolewe, na mfiwa hana haki ya kununa. Nimewaona mara nyingi. Lakini msibani huwa najua kwamba nipo msibani. Hapa nilikuwa nimemwamkia marehemu, nimempa zawadi, na nimemweleza habari za kitandani kwangu.

Nilimlilia Bi Mwanahawa, nilimlilia kweli, bibi niliyechelewa kumjua. Nililia pia kwa ajili ya kazi yetu. Aliyekuwa na miguu yake mwenyewe amekwenda na jibu lake, na mimi nimebaki na Bibi yangu aliyeona mgongo tu.

Gauni langu linapata mwenyewe

Baada ya dua na pilau nilimweleza Bi Zuhura shida yangu. Akasema nguo ya vita yenyewe ilioza zamani. Ila mama yake, maisha yake yote, kila ikichakaa moja alinunua nyingine ya aina ile ile, kaniki, na kuifunga vile vile alivyoifunga tangu usichana. Mabinti walimshonea magauni, akayatia kwenye kasha. Aliwaambia hawezi kukimbia ndani ya gauni. Alikuwa kikongwe hawezi hata kukimbiza kuku, lakini ndivyo alivyosema.

"Aliifungaje?" nikauliza.

Bi Zuhura akanyoosha mkono kumwelekea Tabu. "Sisi tulikuwa tunatazama. Huyo alikuwa anaiga. Mwulize yeye."

Nikamtazama Tabu, sasa kwa macho ya kazi. Kaniki haikuwa na mshono hata mmoja. Imezunguka mwili kutoka nyuma kuja mbele, ncha mbili zimepishana juu ya kifua, zikapanda mabegani na kufungwa nyuma, chini kidogo ya kisogo. Fundo moja, basi. Nikakumbuka magauni yetu yenye kiuno na wanga, nikaona aibu na furaha kwa pamoja.

"Nipe hiyo nguo nikawaonyeshe Lindi," nikamwambia.

"Wewe kabila gani?"

"Mmwera."

Tabu akapiga makofi, maana Wamwera nao ni watani wa Wangindo. "Mtumwa wangu kajileta mwenyewe! Kwa Mmwera sitoi hivi hivi. Komboa."

"Korosho?"

"Korosho nilikwisha kupewa nilipokuwa maiti." Akanizunguka kama mnunuzi, akashika mkono wa puto, akaubonyeza. "Hili."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia ni la Idi. Nikamwambia halitamtosha, na hapo nilimtukana kidogo umbo lake, utani unaruhusu. Wanawake wote wakawa upande wake, hata Bi Zuhura. Nikatazama maua yangu. Nikamkumbuka Bibi anavyocheka, na wale mafundi wa sokoni wanavyongoja. Nikaenda chumbani nikavua.

Tabu mwenyewe alinifunga kaniki. Aliniinamisha, akakaza fundo hadi nikaguna, akanigonga mgongoni. "Masharti," akasema. "Ukiivua kabla ya kufika kwa huyo bibi yako, nakuja Lindi kuichukua, na gauni sirudishi." Kisha akajipenyeza ndani ya gauni langu. Jamani, nitasema ukweli, lilimkaa vizuri kuliko mimi. Alicheza nalo uani, mikono ya puto inaruka, na watoto wa marehemu wakacheka arobaini ya mama yao hadi jua likashuka.

Kurudi

Kesho yake Mchopa alikuwa anarudi Lindi na lori tupu. Alinikuta barabarani nimesimama na kikapu kichwani. Akavua kofia. "Shikamoo, Bibi. Tukushushe wapi?"

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, nikalipiza vizuri. Alinitambua tulipokuwa tumekwisha kwenda mbali, na nusura atuingize kichakani.

Penye matope ya Mbwemkuru tulishushwa, kila mtu abebe mzigo hadi upande mkavu ili lori liwe jepesi. Nikajitwika kikapu changu, nikashika na mzigo wa mama mmoja mwenye mtoto. Nikaenda nikarudi, nikaenda tena. Mikono yote miwili ilikuwa huru. Sikuhitaji kushikilia kitu kifuani wala kuvuta kitu kiunoni. Mara lori likachomoka kwenye matope ghafla, Mchopa anapiga kelele hawezi kusimama, tukalikimbilia. Nilikimbia, nyie! Mimi, na unene huu, nilikimbia nikiwa na mzigo, na kaniki haikusogea. Nilicheka peke yangu juu ya lori hadi wenzangu wakanitazama vibaya. Bi Mwanahawa alikuwa amenijibu.

Jua lilikuwa kali, jasho likanitiririka na kukauka, likatiririka tena. Nilinuka. Tulipofika Mchinga nilitaka kujitupia kanga safi, nikamkumbuka Tabu, nikaacha.

Mlangoni kwa Bibi

Nilimkuta amekaa mkekani anabangua mbaazi. Mwalimu Issa alikuwa pale pale barazani, amekuja kuuliza kama nimerudi, anakunywa chai. Nilitaka nijipange, nieleze kwanza. Lakini kikapu kilikuwa kizito, nikageuka kukitua, nikawapa mgongo.

Sikusikia kicheko. Sikusikia hata mbaazi.

"Usigeuke," Bibi akasema. Sauti haikuwa yake. "Chuchumaa."

Nikachuchumaa. Nikasikia vidole vyake juu ya mgongo, vinapanda taratibu hadi kwenye fundo. Vikakaa hapo. Kisha nikasikia pumzi yake shingoni, na fundo likavutwa kidogo. Mwalimu Issa aliniambia baadaye kilichotokea, maana mimi sikuona: Bibi alikuwa ametia ncha ya kaniki mdomoni, kwenye ufizi, kama mtoto.

"Ina chumvi," akasema. "Ilikuwa na chumvi hivi hivi. Tulikuwa tunakimbia, mama akanitilia mdomoni ili nisilie." Akaipapasa ile ncha. "Nilikuwa nimeisahau."

Mwalimu Issa aliweka kikombe chini, akajifuta macho bila kuficha. Kisha akauliza kwa adabu kubwa: "Kwa hiyo, Bibi, nguo ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Lakini zako zimetoka dukani leo. Waambie hao wasichana wakalime nazo kwanza."

Kwa hiyo mnaoniuliza kwa nini wasichana wa mchezo wanapalilia shamba la shule na kaniki zimefungwa kisogoni, jibu ni hilo, agizo limetoka kwa Bibi. Yale magauni tumeyafumua yote, na kitambaa kimetosha. Hakuna cha kushona isipokuwa pindo, na pindo tunashona sisi. Mafundi wa sokoni wamekuja kuuliza mshono huu unaitwaje, nikawaambia waulize Wangindo.

Jioni ile nilitaka kwenda kuoga. Bibi akanizuia. "Usiifungue kwanza," akasema. Nikakaa mkekani, nikauvuta ungo wa mbaazi karibu nikaanza kubangua. Bibi alisogea nyuma yangu, akaweka shavu chini ya lile fundo, akafumba macho. Nilibangua mbaazi zote, polepole, nisimwamshe.